Nimeambiwa bado ninajifunza, ndiyo maana silipwi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, na mwezi huu natimiza mwezi wa nne katika mgahawa mmoja. Kazi nilitafutiwa na mjomba wangu, ambaye mwenye mgahawa ni rafiki yake tangu shuleni. Siku ya kwanza mwenye mgahawa alisema mbele ya mjomba kwamba kwa kuwa sina cheti na sijawahi kufanya kazi jikoni, nitaanza kama mwanafunzi. Nitapewa nauli na chakula cha mchana, mshahara utafuata nikishaiva. Tarehe hakutaja. Sikuona ubaya, maana kweli hata kisu nilikuwa sijui kukishika.

Wiki mbili za mwanzo nilifundishwa na mpishi mkuu, na alinifundisha vizuri sana. Alinionyesha kukata, kuosha mboga, kupanga friji, nyama mbichi chini na kilichoiva juu. Wiki ya tatu dada mmoja aliyekuwa akikata mboga na kuhudumia meza za nje aliacha kazi, nikawekwa mahali pake. Tangu siku hiyo hakuna anayenifundisha kitu. Naingia saa 12 asubuhi, nawasha majiko, nakata, mchana nahudumia meza nane, nadeki, natoka saa 11 jioni, siku sita kwa wiki. Wiki iliyopita nimepewa msichana mgeni nimfundishe. Naye ameambiwa ni mwanafunzi.

Bakshishi tunazoachiwa na wateja zinawekwa kwenye kopo pale kaunta, jioni meneja anagawa. Mwezi uliopita nilidondosha trei ya glasi, zikavunjika sita, nikanyimwa bakshishi wiki mbili nzima. Mteja akaondoka bila kulipa bili, meza ilikuwa yangu, nikakatwa tena. Kuna siku niliharisha usiku kucha. Asubuhi nikampigia meneja, akasema nisipofika nauli ya wiki imekwenda. Nikaenda. Nilikata saladi siku ile Shangazi, kila baada ya muda nakimbilia chooni, na hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Sasa wiki ijayo kuna mafunzo ya usafi wa chakula, siku mbili. Kila anayeshika chakula lazima awe na cheti kwa sababu wakaguzi wa afya wanakuja. Meneja amenipa karatasi nisaini. Inasema ada ya mafunzo nitakatwa kwenye mshahara utakapoanza, siku hizo mbili hazihesabiwi kazini, na nikiacha kazi kabla ya miaka miwili nitarudisha "gharama zote za kufundishwa". Kiasi hakikuandikwa.

Nimemwambia mama, akasema mvumilivu hula mbivu, na nisimwaibishe mjomba. Mimi kazi naipenda. Mafuta yakianza kulia kwenye kikaango najikuta nimeshafika. Sitaki kufukuzwa, na sitaki wazee wagombane kwa ajili yangu. Lakini nauli ni ileile, na nimeanza kukopa hata sabuni. Je, anayejifunza hana haki ya mshahara? Nisaini hiyo karatasi? Na nikiondoka, cheti watanipa?

Binti wa Meza za Nje

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nasimama palepale: umepewa msichana mgeni umfundishe. Hapo mwenye mgahawa amejijibu mwenyewe. Kama unaaminika kumwonyesha mwenzako friji inavyopangwa na meza inavyopokelewa, basi umeshaiva kwa kazi uliyopewa, na ile ahadi ya siku ya kwanza imetimia upande wako. Umebaki upande wake.

Kabla ya kuandika hapa nilifanya kazi za jikoni na kaunta kwa miaka mingi, na nilianza hivyohivyo ulivyoanza wewe, kwa maneno ya mdomo. Mwezi ujao, mwezi ujao. Najua mtu anavyojisikia anapovua aproni jioni, miguu imevimba, na hana cha kupeleka nyumbani zaidi ya harufu ya vitunguu. Kwa hiyo nitakuambia kila ninachojua, na nitakuomba usome hadi mwisho kabla ya kumjibu meneja.

Ni kweli kuna mahali ambapo anayejifunza anaweza asilipwe, au alipwe pungufu ya mfanyakazi kamili. Lakini kuitwa mwanafunzi hakutoshi, lazima kuwe na mafunzo yenyewe. Kuna hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1947 ambayo mimi huitumia kama kipimo, ingawa haikuhusu chakula. Ilihusu watu waliokuwa wakijifunza kazi ya breki katika kampuni ya reli, mafunzo ya kama wiki moja hivi. Mahakama ilisema hawakuwa waajiriwa, na sababu zake ndizo nataka uzishike. Hawakuchukua nafasi ya mfanyakazi yeyote. Muda wote alikuwepo mtu wa kuwasimamia. Na uwepo wao haukuiharakishia kampuni kazi, wakati mwingine uliichelewesha.

Hebu jiweke pale. Zile wiki mbili za mpishi mkuu, yeye ndiye aliyekuwa akipoteza muda kwa ajili yako. Anasimama, anakuonyesha, unakosea, anarudia, na oda zinamsubiri. Yale yalikuwa mafunzo, na sitakudanganya kwamba kila sheria duniani ingekupa mshahara kamili kwa siku zile. Wiki ya tatu mambo yakageuka. Umechukua nafasi ya mtu aliyekuwa analipwa, hakuna anayekusimamia, na usipofika kesho meza nane hazina wa kuzihudumia. Kuanzia siku ile wewe ni mfanyakazi, haijalishi wanakuitaje pale kaunta.

Uanagenzi wa kweli nao una sura yake. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Pendekezo Namba 208 kuhusu uanagenzi ulio bora. Linataka kuwe na mkataba wa maandishi, mwanagenzi alipwe ujira unaofaa au fidia nyingine ya fedha, na mwisho wake uwe ujuzi unaotambulika. Kwa maneno ya jikoni: kuna tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kuna orodha ya utakachofundishwa, kuna mtu mwenye jina anayekufundisha, na kuna kitu mkononi siku ya mwisho. Wewe una nauli na chakula cha mchana.

Mama yako simlaumu. Anakupenda, na anaogopa ukose vyote viwili, kazi na heshima ya ukoo. Ila anayesubiri mbivu huwa anajua mti uko wapi na msimu wake ni lini. Wewe hujaambiwa msimu. Nchi nyingi zina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria, na kwa kawaida kima hicho hakiondolewi kwa makubaliano. Hata kama siku ya kwanza ulitikisa kichwa mbele ya mjomba ukasema sawa, kukubali kwako hakumpi mwajiri ruhusa ya kulipa chini yake. Watu wengi hawalijui hili, wanajiona wamejifunga wenyewe.

Tena hesabu saa zako. Saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 11, mara siku sita ni saa 66. Hata ukitoa nusu saa ya kula kila siku, zinabaki 63. Sheria za kazi za nchi nyingi hazivuki saa 48 kwa wiki ya kawaida, na zinazozidi hulipwa kama saa za ziada kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo unachodai ni mshahara wa msingi pamoja na saa za ziada. Usiende kuongea ukiwa umelisahau hilo la pili.

Sasa karatasi. Usiisaini ilivyo.

Ina vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na mimi nataka uvifungue. Kwanza ni hayo mafunzo ya usafi wa chakula. Cheti hicho kinadaiwa na wakaguzi, bila hicho mgahawa unaweza kupata matatizo. Kanuni za usafi wa chakula za Codex, yaani tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1969 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2020, zinamtaka mwenye biashara ya chakula ahakikishe watu wake wamefundishwa ipasavyo kwa kazi wanayofanya. Mzigo umewekwa kwa mwenye biashara kwa sababu jiko ni lake na wateja ni wake. Mafunzo ya namna hiyo mimi nayahesabu sawa na gesi ya jiko. Hakuna anayemkata mpishi gesi.

Na si mawazo yangu peke yangu. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2019 linalosema pale sheria inapomtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo ili afanye kazi yake, mafunzo yawe bure kwa mfanyakazi, yahesabiwe kuwa muda wa kazi, na ikiwezekana yafanyike ndani ya saa za kazi. Jimbo la California huko Marekani limekwenda karibu zaidi na jambo lako. Tangu 1 Januari 2024, mwajiri ndiye anayelipia cheti cha mshika chakula, muda wa kusoma na wa kufanya mtihani unalipwa kama kazi, na wakati huo mfanyakazi hatakiwi kupewa kazi nyingine. Sheria hizo ni za huko kwao. Nakutajia ili mtu akikuambia "haijawahi kutokea popote mwajiri alipie mafunzo", ujue imetokea. Kwako, nenda ofisi ya kazi ukaulize swali hilihili bila kulizungusha: mafunzo yanayolazimishwa na sheria au na mwajiri, ada yake ni ya nani, na siku zake zinalipwa au hazilipwi?

Kitu cha pili ni ule mstari wa miaka miwili. Mikataba ya kurudisha gharama ipo, na si yote mibaya. Mgahawa ukikupeleka chuo mwaka mzima ukasomee upishi, ukarudi na stashahada, ni haki waombe ukae nao muda fulani. Lakini mkataba kama huo hutaja kiasi, hutaja kozi gani, na deni hupungua kadiri unavyokaa, ili aliyefanya kazi miezi 20 asidaiwe sawa na aliyeondoka baada ya wiki mbili. Wako unasema "gharama zote za kufundishwa" na hauna namba hata moja. Mtu anaweza kesho kuandika hapo anachotaka, akaweka hata zile siku mpishi mkuu alipokuonyesha vitunguu. Ukisaini unakuwa umekabidhi mkoba wako ukiwa wazi.

Ukibanwa pale mlangoni, sema kwa adabu: "Naomba nakala nikaisome nyumbani, nitarudisha majibu kesho." Mtu mwenye karatasi safi hakatai. Wakikubali kuirekebisha, waombe wafute kabisa sehemu ya mafunzo ya usafi, na kama wanang'ang'ania ile ya miaka miwili, waandike kozi, kiasi na jinsi kinavyopungua kila mwezi. Mafunzo yenyewe nenda, usiyasusie. Andika siku ulizohudhuria na saa ulizokaa. Kukataa kubebeshwa ada hakumaanishi kukataa kujifunza, na usiwape nafasi ya kusema uligoma.

Nije kwenye tumbo, maana hapa ndipo barua yako iliponiumiza.

Umesema unaona aibu. Nakuelewa, na sitakuambia halikuwa jambo kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 wanaugua kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao wanafariki. Saladi haipiti motoni. Kilichotoka mikononi mwako kinaingia mdomoni mwa mteja kilivyo. Mtu anayeharisha hatakiwi kushika chakula, na maelekezo ya usafi yanayofuatwa sehemu nyingi yanamtaka akae kando hadi saa 48 zipite tangu kuharisha kulipokoma. Mpishi mkuu wako bila shaka anajua. Lakini wewe ulichagua nini? Uliwekewa nauli ya wiki nzima upande mmoja na afya ya watu usiowajua upande wa pili, na aliyeziweka ni mtu anayelipwa mshahara kila mwezi.

Nakupa kisa kimoja cha kweli. New York, mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na mpishi aliyeitwa Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland. Alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuumwa, na familia alizozipikia zikawa zinaugua. Mwaka 1907 wakuu wa afya walimkamata, wakamweka karantini kisiwani. Mwaka 1910 walimwachia kwa sharti kwamba asipike tena. Akaenda kufua nguo. Ufuaji ulimlipa kidogo kuliko upishi, na upishi ndio kazi aliyokuwa akiijua. Baada ya muda akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 ugonjwa ukalipuka katika hospitali ya akina mama alikokuwa anapika, watu 25 wakaugua, wawili wakafa. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1938.

Wengi wanaosimulia kisa hicho humtaja kama mwanamke mkaidi, na kosa lake lipo, watu walikufa. Mimi ninachokiona kila mara ni ile ndoo ya kufulia. Alikatazwa kazi iliyomlisha, na hakupewa nyingine ya kumlisha hivyo. Mgahawa usiomlipa mgonjwa siku anayokaa nyumbani unawaleta wagonjwa jikoni, hata uwe na vyeti ukuta mzima. Kwa hiyo katika hayo mafunzo ya siku mbili, mwalimu akifika kwenye sehemu ya ugonjwa, nyosha mkono uulize mbele ya wote: mfanyakazi akiharisha anatakiwa afanye nini, na nani anamlipa siku hiyo? Meneja atakuwa amekaa humo humo. Uliza kwa upole kabisa.

Bakshishi na glasi nitavipitia kwa haraka. Bakshishi ni shukrani ya mteja kwako, haiwezi kuwa mshahara wako. Mkataba Namba 172 wa ILO wa mwaka 1991, unaohusu wafanyakazi wa hoteli na migahawa, unasema wapate malipo ya msingi kwa vipindi vinavyoeleweka, pawe na bakshishi au pasiwe. Nchi zilizouridhia si nyingi, lakini ndivyo dunia ilivyokubaliana inavyopaswa kuwa. Uingereza nayo, tangu 1 Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi bakshishi zote, zigawanywe kwa haki, bila yeye kujikatia. Kuhusu makato, Mkataba Namba 95 wa ILO wa mwaka 1949 wa kulinda mishahara unaruhusu yale tu yaliyowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi na mwajiri au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi awe amejulishwa. Glasi kuvunjika mgahawani ni jambo la kila wiki. Na mteja aliyekimbia bili alimwibia mwenye mgahawa. Wewe ulikuwa jikoni unafuata sahani.

Sasa mjomba. Wewe unamwona kama ukuta kati yako na haki yako. Mimi namwona kama shahidi. Yeye ndiye alikuwepo siku ya kwanza, yeye ndiye alisikia "mshahara utafuata akishaiva". Ahadi ile alipewa na yeye pia, na inavunjwa bila yeye kujua. Utamwaibisha zaidi siku atakapogundua mwaka umepita na mpwa wake anakopa sabuni huku yeye anapita kwa rafiki yake akishukuru.

Mfuate wewe mwenyewe, akiwa ametulia, si kwenye simu. Usianze na "rafiki yako ananinyonya." Anza na shukrani ya kukutafutia mahali, kisha umfungulie daftari. Daftari hilo huna bado, najua, anza leo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyofanya, nani alikuwa zamu, umepokea nini, umekatwa nini na kwa sababu gani. Za nyuma andika unazokumbuka, ukitenga na zile za leo ili usije ukaonekana umebuni. Siku ya glasi, siku ya bili, siku ya tumbo. Halafu mwambie: "Mjomba, ulikuwepo aliposema nikiiva. Nimeshapewa mtu wa kumfundisha. Naomba unishauri nimwambieje." Mzee akiombwa ushauri hukaa upande wako kwa urahisi kuliko akiombwa kugombana.

Kwa mwenye mgahawa nenda mchana umekwisha, wateja wameondoka, jiko limepoa. Usiende kwa meneja kwanza, aliyekuahidi ni bosi. Mwambie maneno machache tu. Unashukuru umefundishwa. Tangu wiki ya tatu unafanya kazi ya aliyeondoka. Unaomba barua ya ajira yenye kazi yako, mshahara, saa na tarehe ya kuanza kulipwa, na mzungumzie malipo ya miezi iliyopita. Kisha nyamaza. Najua utatamani kujaza ule ukimya kwa kusema "lakini si lazima yote bosi." Usiseme.

Anaweza akakubali. Nimewaona wenye migahawa ambao hesabu zao zinabana kweli, kodi ya pango, mafuta yamepanda, chakula kinaharibika, wakajikuta wanaegemea kwa yule asiyelalamika. Wengine ukiwawekea jambo mezani wanaona haya, wanalipa, hata kama ni kwa awamu. Akikupa awamu, iandikwe. Akikupa tarehe nyingine ya mdomo, mwambie unaomba aiandike.

Akikataa, au ukiona zamu zako zinapunguzwa ghafla baada ya kuuliza, peleka daftari ofisi ya kazi au kwa chama cha wafanyakazi wa hoteli na migahawa kama kipo. Usikae miezi ukisubiri hasira zipoe. Madai ya kazi yana ukomo wa muda, na mahali pengine ni wiki chache tu tangu tukio, hasa ukiwa umefukuzwa. Siku utakayouliza kuhusu ada ya mafunzo, uliza pia ukomo huo ni wa muda gani, uandike jibu na jina la aliyekujibu.

Yule msichana mgeni usimsahau. Mweleze kwa utaratibu, mkiwa mnaosha vyombo, aombe tarehe yake iandikwe mapema, wiki hizi hizi za mwanzo ambapo bado anafundishwa kweli. Na wewe umfundishe sawasawa kama mpishi mkuu alivyokufundisha, nyama mbichi chini, kilichoiva juu, ubao wa kukatia nyama usiguse saladi. Hana kosa.

Kuhusu cheti, kikitoka na jina lako ni chako. Kwenye fomu ya kujiandikisha hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako na namba ya simu ni yako, si ya meneja. Siku ya kukabidhiwa kipige picha mbele na nyuma kabla hakijapelekwa kubandikwa ukutani. Mwulize mkufunzi jinsi ya kupata nakala kikipotea na kinadumu muda gani, kwa sababu mahali pengine huisha muda baada ya miaka michache na mgahawa wa pili utataka kujua. Muulize pia kama kuna utaratibu wa kupimwa ujuzi uliopata kazini ukapewa cheti cha upishi bila kukaa chuo miaka. Nchi kadhaa zinao, na mikono yako imeshaanza kustahili.

Niandikie ukishaongea na mjomba.

Shangazi yako